Kiwanda cha zamani cha kusokota pamba kugeuzwa karakana na ofisi: tukague nini kabla ya kuvunja?

Mpigaramani

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu na majengo ya viwanda vya zamani.

Jengo ni la matofali ya kuchoma, ghorofa tatu juu ya ile ya chini, urefu mita 48 na upana mita 15. Ndani kuna safu mbili za nguzo za chuma za mviringo. Boriti za chuma zinakatiza upana wa jengo kila mita 3, na kati ya boriti na boriti kuna matao mafupi ya matofali. Juu ya matao kumejazwa kifusi kisha sakafu. Fimbo za chuma zinapita chini ya matao kutoka boriti hadi boriti, na zinaonekana wazi. Nyuma kuna banda la ghorofa moja lenye paa la meno ya msumeno.

Historia kwa kifupi: kusokota pamba, baadaye ghala la karatasi, mwisho karakana ya kusafisha na kupaka rangi vyuma. Limekaa tupu miaka kadhaa. Mpango ni karakana za mafundi chini, ofisi ghorofa ya kwanza na ya pili, nyumba chache ghorofa ya juu, lifti mpya katikati, na banda liwe ukumbi.

Mkandarasi ametoa mapendekezo matatu: kukata zile fimbo kwa sababu zinazuia mabomba ya hewa, kusafisha kuta kwa kupuliza mchanga, na kupiga plasta ya saruji ndani na kujaza viungo vya matofali kwa saruji nje. Nianzie wapi, na kipi kati ya hivyo kina hatari?

---

BoritiNaTao

Mkuu, vyote vitatu vina hatari, ila cha kwanza kinaweza kuua watu. Fimbo zisikatwe hata moja.

Tao linabeba uzito kwa kusukuma pembeni. Chukua upana wa mita 3, mwinuko wa tao sentimita 30, na uzito wa kilonewtoni 8 kwa mita ya mraba (matofali, kifusi, sakafu na watu). Msukumo ni uzito mara upana mara upana, ugawe kwa mara nane ya mwinuko: 8 × 9 ÷ 2.4 = kilonewtoni 30 kwa kila mita ya urefu wa boriti, yaani karibu tani 3. Kama fimbo zimeachana mita 2, kila moja inaweza kuwa inavuta tani 6. Matao ya katikati yanasukumana na kufutana nguvu, na ndiyo maana mtu anaweza kukata fimbo moja katikati asione kitu. Tao la mwisho halina wa kulisukuma upande wa pili isipokuwa ukuta. Ukuta ukisogea kidogo, tao linashuka, la jirani yake linakosa egemeo, na safu nzima inafuata.

Lifti katikati inaleta tatizo hilohilo, kwa sababu tundu la lifti linaondoa tao na kuyaacha matao ya pande mbili bila mpinzani. Kabla ya kuchora lifti ndani, angalia mnara wa ngazi, chumba cha injini, au mahali palipokuwa na winchi ya kupandishia marobota. Viwanda vya namna hii huwa na kimoja au viwili kati ya hivyo, na hapo sakafu tayari imekatwa na waliojenga wenyewe. La sivyo iweke nje ya ukuta wa nyuma.

Ikiwa lazima itoboe sakafu, tegemeza kwanza tao lenyewe na matao mawili kila upande, kwa ghorofa zote hadi chini. Weka fremu ya stili kuzunguka tundu, iliyopigiwa hesabu kubeba ule msukumo wa pembeni na siyo uzito wa wima peke yake. Ikaze hadi ishike. Ondoa kifusi kwa koleo kwa usawa pande zote mbili, halafu matofali kwa mkono kwa vipande vya upana wa nusu mita. Nyundo ya umeme isiingie humo.

Nguzo sasa. Nadhani ni chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, lakini usibahatishe. Toboa tundu dogo la milimita 6 mahali pasipobeba sana na utazame kinachotoka: chuma cha kusubu hutoa unga mweusi na chembe fupi zinazovunjika, stili hutoa nyuzi ndefu zinazojikunja. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4. Ni hodari sana kikikandamizwa na dhaifu kikivutwa, na hakitoi onyo: hakipindi kwanza, kinapasuka.

Nguzo hizo ni tupu ndani, na ugonjwa wake mkubwa ni kiini cha kalibu kusogea wakati wa kumimina, hivyo upande mmoja ukawa mnene na mwingine mwembamba. Kwa nje huoni chochote. Toboa matundu matatu kuzunguka nguzo katikati ya kimo, ingiza waya wenye ndoano, pima unene, kisha ziba. Kipimo cha mawimbi ya sauti kinafanya kazi hiyo bila kutoboa, mradi rangi imetolewa mahali pa kupimia. Nguzo yenye milimita 28 upande mmoja na 11 upande wa pili haiwezi kupewa uwezo wa nguzo ya milimita 20 kote.

Usichomelee kitu chochote kwenye nguzo hizi. Joto la kuchomelea huacha mpasuko pembeni mwa mshono. Mabano yote yafungwe kwa bangili ya vipande viwili inayobana nguzo kwa bolti.

Jambo la mwisho ni kuta za kugawa vyumba. Tofali la zege la milimita 150 lina uzito wa takribani kilo 300 kwa mita ya mraba ya ukuta. Ukuta wa kimo cha mita 3 unakuwa kilo 900 kwa kila mita ya urefu, umeukalisha kwenye tao ambalo linachukia mzigo wa mstari mmoja. Fremu nyepesi ya bati yenye bodi mbili za jipsamu kila upande ni kama kilo 45 kwa mita ya mraba, yaani kilo 135 kwa mita. Ghala la karatasi lilibeba zaidi ya ofisi, ambayo kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, na hiyo ni habari njema. Lakini karatasi ilisambazwa, ukuta hausambai.

---

ChokaaHai

Nitajibu mchanga na saruji.

Tofali la kuchoma ni kama mkate: ganda la nje limeiva zaidi kuliko nyama ya ndani. Kupuliza mchanga kunatoa masizi pamoja na ganda. Ukuta unang'aa siku ya makabidhiano, na baada ya misimu michache ya mvua unaanza kunywa maji na kumong'onyoka unga. Ganda halirudi. Anza na brashi laini na maji kidogo ya mnyunyizo, ikishindikana mvuke wa moto wa shinikizo dogo, na kila njia ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha mita moja kwa moja mahali pasipoonekana. Kiache kikauke wiki kadhaa kabla ya kuamua. Masizi mengine yaachwe tu, hayadhuru tofali, na ndiyo yanayosema jengo lilikuwa la nini.

Kuhusu saruji: ukuta huu umejengwa kwa chokaa, na chokaa ndiyo njia ya maji kutoka. Mvua inaingia kidogo, jua linaitoa kupitia viungo. Ukiziba viungo kwa saruji, maji yanalazimika kutoka kupitia tofali, chumvi inaganda chini ya uso wake na kuusukuma nje vipandevipande. Utaona jambo la ajabu: kiungo cha saruji kimesimama kama fremu na tofali limeliwa ndani yake. Ukikuta sehemu ya hivyo ukutani kwako, jua aliyekutangulia alishajaza saruji.

Namna ya kufanya. Toa kiungo kibovu kwa tindo jembamba na nyundo, kina kiwe mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue milimita 20. Grainda isitumike kwenye viungo vya wima, inakula kingo za matofali. Safisha vumbi, lowesha usiku mmoja kabla na tena asubuhi. Changanya chokaa ya haidroliki (inayokaza hata penye unyevu) ya daraja la NHL 3.5 kipimo kimoja kwa mchanga mkali vipimo viwili na nusu, uliochanganyika chembe ndogo na kubwa, ile kubwa ikiwa theluthi ya unene wa kiungo. Jaza kwa tabaka, si kwa mkupuo. Kikianza kukaza kiasi kwamba kidole gumba hakiachi shimo, kipige kwa ncha za brashi ngumu ili kishikamane na chembe zijitokeze. Kisha funika kwa magunia yenye unyevu siku 7. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika: fundi anamaliza vizuri, jua linakausha chokaa kwa saa mbili, na kesho yake inapukutika kama biskuti.

Ndani, kama lazima plasta, iwe ya chokaa vilevile.

---

SampuliNaUdongo

Kabla ya fimbo na chokaa, kuna neno moja katika historia uliyotoa: karakana ya kusafisha na kupaka rangi vyuma. Vyuma husafishwa mafuta kabla ya rangi, na kwa miaka mingi dawa iliyotumika sana ilikuwa trikloroethilini na jamaa zake. Ni nzito kuliko maji, inazama kupitia nyufa za zege hadi inapokuta tabaka lisilopitisha, na inakaa huko miongo. Mvuke wake unapanda kupitia nyufa na matundu ya mabomba hadi vyumbani. Ukiweka lifti na mabomba mapya kutoka chini hadi kwenye nyumba za juu, umeujengea njia.

Kila mtumiaji aliacha kitu. Kiwanda cha pamba kiliacha mafuta ya mashine kwenye sakafu, rangi ya risasi kwenye vyuma, na kama kulikuwa na boila, vifuniko vya asbesto kwenye mabomba. Umeme wa katikati ya karne iliyopita unaweza kuwa umeacha transfoma na kapasita zenye mafuta ya PCB, kemikali yenye sumu. Kwa hiyo orodha ya vipimo inatokana na orodha ya watumiaji, na ramani za zamani zina thamani kuliko mashine yoyote ya kupimia. Tafuta palipokuwa na boila, matangi, bafu za kusafishia vyuma, na mifereji ya sakafuni.

Ukaguzi wa asbesto unatangulia kila kitu, hata kufagia. Tazama mabati ya saruji juu ya banda, vifuniko vya mabomba, mbao za kuzuia moto nyuma ya swichi kuu, kamba za milango ya boila, na vigae vya plastiki vya sakafu pamoja na gundi yake nyeusi. Usitambue kwa macho wala kwa rangi, maabara ndiyo inayosema. Na usiruhusu mtu aoshe paa la asbesto kwa pampu ya shinikizo, maji yale yanatawanya nyuzi kila mahali.

Kwa udongo, weka sampuli nyingi pale penye shaka badala ya kuzigawa sawasawa. Bafu za kusafishia vyuma zilipokuwa, chukua chini ya zege, halafu kila nusu mita kushuka. Kwa mvuke, toboa zege kwa tundu jembamba, weka mrija, ziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, na uvute hewa iliyo chini ya zege, siyo ya chumbani. Hewa ya chumba kilicho wazi itakudanganya, maana upepo unapita.

Ukikuta mvuke, mara nyingi si lazima kuchimba jengo lote. Tabaka la changarawe lenye mabomba ya matundu, utando usiopitisha gesi juu yake, na feni inayovuta hewa kwenda juu ya paa hutosha kwa wengi. Utando unashindwa pale mabomba yanapoutoboa, kwa hiyo kila tundu lipate kola yake na lijaribiwe kwa moshi kabla ya kumwaga zege.

Matangi nayo si lazima yawe mzigo. Kituo cha umeme cha Bankside jijini London, kilichofungwa mwaka 1981 na kuwa jumba la sanaa la Tate Modern mwaka 2000, kilikuwa na matangi makubwa ya mafuta chini ya ardhi. Mwaka 2012 matangi hayo yenyewe yakafunguliwa kuwa kumbi za maonyesho.

---

JichoLaDirisha

Nyongeza kuhusu mpangilio, kwa sababu majengo haya huharibiwa pia na wenye nia njema.

Mita 15 ni upana mzuri sana. Mwanga wa dirisha unafika ndani kwa mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu ya dirisha. Kama juu ya dirisha ni mita 2.8 kutoka sakafuni, una mita 5.6 hadi 7 za mwanga kila upande, na katikati kunabaki ukanda mwembamba wa giza. Hapo ndipo mahali pa vyoo, stoo, mabomba ya wima na korido. Sehemu za kazi zikae madirishani. Wengi hufanya kinyume: ofisi za vioo katikati na korido dirishani.

Ukikuta madirisha yamezibwa, usidhani ni ubovu. Kiwanda cha kitani cha Ditherington huko Shrewsbury, Uingereza, kilichobuniwa na Charles Bage na kujengwa mwaka 1797, ndicho kinachohesabiwa kuwa jengo la kwanza duniani lenye fremu ya chuma. Mwisho wa karne ya 19 kiligeuzwa kuwa cha kuotesha shayiri ya kimea, na kimea hakitaki mwanga, kwa hiyo madirisha mengi yalizibwa kwa matofali. Kimea kilikoma mwaka 1987, na jengo likafunguliwa tena mwaka 2022. Unapofungua dirisha lililozibwa, kagua kwanza kama kizingiti cha juu bado kinabeba. Mara nyingi tofali la kuzibia limekuwa likibeba kwa niaba yake miaka yote hiyo, na ukilitoa ghafla ukuta unashuka. Weka mti wa kutegemea, toa safu mbili za juu, subiri, pima, ndipo uendelee.

Kuhusu ukumbi: usiukate vipande. São Paulo kuna kiwanda cha zamani cha mapipa, SESC Pompéia, ambacho Lina Bo Bardi alikigeuza kuwa kituo cha jamii. Aliyaacha mabanda yawe mapana, na viwanja vya michezo vilivyohitaji vimo vikubwa akavijengea minara ya zege pembeni. Zeitz MOCAA ya Cape Town ilikuwa ghala la nafaka lenye mirija 42 ya zege, na kwa kuwa umbo lile halikuwa na ukumbi, ilibidi wauchonge: mirija ilitiwa bitana ya zege jipya kwanza, kisha ikakatwa. Banda lako tayari ni ukumbi. Mahitaji yake ni sakafu, sauti na paa.

Paa la meno ya msumeno linavuja kwenye mabonde, na katika mabanda mengi maji ya bonde hushuka ndani ya nguzo tupu za chuma. Mwaga ndoo ya lita 20 polepole kwenye kila bonde huku mtu akitazama kitako cha nguzo chini. Maji yakitoka kwenye mtaro unaojulikana, vizuri. Yakikwama, au yakatoka kwenye zege pembeni ya kitako, nguzo inaoza kutoka ndani na msingi wake unaoshwa. Suluhisho ni bomba jipya nje ya nguzo, kila bonde lipate na tundu la akiba la kufurika nje ya ukuta, na kichwa cha nguzo kizibwe kikiwa na kitundu cha kupumulia.

Kuhusu moto: nguzo ya kusubu ikipata joto kali halafu maji baridi inaweza kupasuka. Rangi inayovimba kwa joto hufaa, ila unene wake huhesabiwa kwa umbo la kila nguzo, na rangi ya zamani iliyolegea lazima itoke kwanza. Hiyo ndiyo rangi ya risasi aliyoitaja SampuliNaUdongo, kwa hiyo itolewe kwa dawa ya kulainisha, siyo kwa msasa mkavu wala moto. Nyumba juu ya karakana zitahitaji ngazi mbili zisizotegemeana, na kila tundu la kale lililopitisha mikanda ya mashine kutoka ghorofa moja hadi nyingine lizibwe kikamilifu. Moshi unayajua matundu hayo kuliko mchoraji.

---

Mpigaramani

Asanteni sana wakuu. Tumeangalia tena: upande wa mashariki kuna mnara wenye magurudumu ya winchi juu, na lifti itaingia humo. Ndoo imepita mabonde yote isipokuwa mawili.

Tatizo jipya: tumegonga fimbo za ghorofa ya kwanza kwa nyundo ndogo. Nyingi zinalia kama kengele, lakini saba zinatoa sauti ya mbao, na zote saba ziko kwenye tao la mwisho upande wa magharibi. Ukuta wa huko una ufa wa wima. Tukaze nati?

---

BoritiNaTao

Msikaze bado. Fimbo saba kulegea mahali pamoja, tena pale pale tao la mwisho lilipo, maana yake kitu kimesogea, na ukikaza unavuta ukuta juu ya ufa ambao huenda umejaa vifusi vidogo. Ufa utafanya kazi kama kabari.

Leo hii ondoeni watu na vitu kwenye sakafu ya tao hilo ghorofa zote, na tegemeza tao kwa mbao au jeki za chuma hadi ardhini. Kisha chungulieni fimbo mahali zinapoingia kwenye boriti na kwenye ukuta. Kutu hula fimbo ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana, na fimbo ya milimita 25 inaweza kuwa imebaki 14 huku sehemu ya wazi ikiwa nzima. Ikiwa imekatika humo, ndiyo maana hailii, na kukaza nati ni kuzungusha hewa.

Wekeni alama za kupimia kwenye ufa, juu, katikati na chini: skrubu mbili ndogo za shaba, moja kila upande wa ufa, mpime umbali kati yake kwa kalipa hadi sehemu ya kumi ya milimita, saa ileile kila siku, pamoja na halijoto. Ufa unaopanuka mchana na kurudi usiku unapumua kwa joto tu. Ufa unaokwenda upande mmoja, hata kwa sehemu mbili za kumi kwa wiki, unasafiri, na mhandisi wa miundo awe eneo la kazi kabla ya fundi yeyote kurudi.

Fimbo mpya zikishawekwa sambamba na zile za zamani, zikazwe zote saba kwa zamu, robo mzunguko kila moja, kuanzia katikati kwenda pembeni, na mtu mmoja akiwa kwenye ufa muda wote.